Sanduku la Sufi

Mama Echa amefariki. Nilipigiwa simu Alhamisi asubuhi kutoka Nosy Be, Madagaska, na kwa kuwa kwetu maiti hacheleweshwi, ilipofika adhuhuri alikuwa ameshazikwa, na mimi bado nimekaa jikoni kwangu Unguja, simu mkononi. Wanangu walikuja kunipa pole. "Bibi kala chumvi nyingi, mama, usilie hivyo." Kweli alikula chumvi nyingi, miaka tisini alikuwa ameipita. Lakini sikuwa namlilia umri. Nalia kwa sababu ndiye mtu wa mwisho niliyepaswa kumwambia jambo fulani, na sikumwambia. Basi nitaliandika hapa. Habari za ukoo, nani alimzaa nani na nani alitoka Ngazija kwa jahazi la nani, waulizeni wanaozipenda. Mimi nataka kuandika mwaka mmoja tu, wa sabini na tisa, ambao mimi na Riziki, binti yake Mama Echa, tulitengeneza sanduku la kuhifadhi barafu, na Riziki akafa. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoijulia ukubwani. Siku zile nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, darasani Kifaransa, na Kiswahili kilikuwa maneno mawili matatu ya wazee, ya dini na ya baharini. Labda nimekichagua kwa sababu Riziki hakukijua. Ni woga, naam. Niacheni na woga wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baada ya mambo ya damu na moto yaliyowapata watu wetu, Wangazija wa mji wa Mahajanga, mambo ambayo leo sitayaeleza, nilipelekwa Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa cha Nosy Be, kukaa na Mama Echa, dada mdogo wa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele alikaa yeye na mapazia yake meupe aliyoyatarizi kwa sindano, kitambaa kimemfunika magoti, uzi mdomoni, akizungumza na jirani dirishani bila kuinua macho. Cha nyuma tulilala mimi na Riziki, kitanda kimoja, miguu yake kichwani kwangu. Chakula kilikuwa wali na samaki wa nazi, achari ya embe mbichi kwenye kibakuli cha bluu, kisha maji ya ukoko: ukishapakua wali unatia maji katika sufuria lenye ukoko, yanachemka, yanakuwa na rangi ya chai na harufu ya moshi, na ndicho kinywaji chetu. Riziki aliweza kunywa vikombe vitatu akasema bado. Mama Echa alikuwa mtu wa twahara kupita wote niliowahi kuwaona. Viatu nje. Ukikanyaga maji ya mtaro huingii mpaka umemwagiwa miguu kata tatu. Mbwa nyumbani kwake hakutajwa kwa jina, aliitwa "yule". Nguo ikiguswa na yule ilifuliwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, na mwenye nguo akasemwa wiki nzima.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu wa nyanda za juu, mwembamba, mwenye kikohozi. Tulimwita Ramose, kama walivyoitwa walimu wote wa kiume. Siku moja mwezi wa tatu aliingia darasani na karatasi: mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa pwani yetu, yatafanyika Mahajanga. Kila shule ilete wawili na chombo walichokitengeneza wenyewe, cha kuzuia joto. Mtapewa barafu kilo mbili, kifuniko kitapigwa lakiri, baada ya siku mbili itapimwa iliyobaki. Watakaoshinda watasomeshwa Tana, mji mkuu wa nchi, bure, chumba na chakula. Na wawe wawili: asipokuwepo mmoja siku ya kujieleza mbele ya waamuzi, shule hiyo imetoka. Ramose alisoma kanuni hiyo mara mbili. Mimi nilisikia "chumba na chakula" tu. Nyumbani kwa Mama Echa nilikuwa nakula kwa heshima, nalala kwa heshima, na hapakuwa na mtu aliyeninyima kitu, lakini mtu anayekaa kwa watu anajua kuhesabu matonge yake. Nilitaka Tana kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Riziki alitaka kwa sababu mimi nilitaka. Alikuwa hivyo.

Tulipata kasha la sabuni la mbao, na ndani yake tukaweka debe la biskuti. Kazi yote ilikuwa katikati: nini kijaze nafasi baina ya mbao na bati? Tulijaribu makapi ya mpunga, barafu haikuona adhuhuri. Tukajaribu vumbi la mbao, likalowa, likanuka. Riziki ndiye aliyesema sufi. Tulipasua mto wake, kisha wangu, kisha mchana mmoja Mama Echa akarudi kutoka msibani akakuta wa kwake umebaki foronya. "Haya, wasomi," alisema mlangoni, mikono kiunoni. "Barafu mnailaza kwenye mto, mimi nilaze kichwa changu juu ya jiwe?" Lakini alicheka, na jioni ile alitushonea mifuko ya kitambaa ya kutia sufi ili isimwagike, kwa mishono midogo ileile ya mapazia. Mimi nilishindilia sufi kwa nguvu nikidhani kujaza ndiko kuzuia. Ramose akaja, akakohoa, akaingiza kidole. "Mnaua hewa," alisema. "Kinachozuia joto ni hewa iliyokaa ndani ya sufi. Mkiibana inatoka." Tukatoa nusu. Barafu ikafika alasiri, halafu magharibi, halafu kesho yake asubuhi ikabaki kipande kama sabuni ya kufulia, na tulirukaruka pale chumbani mpaka jirani akauliza kuna harusi gani.

Barafu yenyewe tuliipata kwenye kiwanda cha kugandisha kamba wa baharini, bandarini. Mlinzi wake, Velo, Msakalava wa pwani ile, mtu mzima, alitupa vipande vilivyovunjika. Alikuwa na mbwa mwekundu, mkimya, ambaye siku zote alilala chini ya meza. Siku moja ya mwezi wa nne alitoka chini ya meza bila kubweka akamwuma Riziki shavu la mguu. Meno mawili, damu kidogo. Velo alimpiga teke, akatuomba radhi, akasema ajabu, huyu hajapata kumwuma mtu. Sisi hatukuwaza jeraha hata kidogo, nataka hilo lieleweke. Tuliwaza Mama Echa. Binti yake kaumwa na yule, na mate ya yule yamo mwilini, na amekuwa akienda mahali penye yule wiki hadi wiki bila kusema! Tusingeona tena bandari, wala barafu, wala Mahajanga. Nikamshika mkono Riziki tukakimbilia bomba la nyuma ya shule. Alikaa juu ya jiwe, akapandisha nguo. Nilichota udongo, nikausugua jeraha nao mpaka akauma kanga kwa uchungu, kisha nikammwagia maji nikihesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Moja. Mbili. Nilipofika saba tuliangaliana, tukapumua. "Yamekwisha?" aliuliza. "Yamekwisha," nikasema. "Na usimwambie mtu. Ukisema, hatuendi."

Siku kumi baadaye nilikwenda kuchukua barafu peke yangu. Velo alikuwa amekaa mlangoni, chini ya meza hapana kitu. "Aliyeumwa ni wewe au mwenzako?" Nikamwambia mwenzangu. "Basi sikiliza. Mbwa amekufa. Alikuwa anatoka mate, anauma mpaka mawe, tumemfungia stoo mpaka akafa. Nimekwenda kumwambia daktari, akasema kila aliyeumwa aende. Dawa haipo hapa, inatoka Tana ndani ya barafu, wagonjwa wanachomewa Mahajanga. Sindano za tumboni, siku baada ya siku, wiki mbili, tatu. Mwambie leo." Nikasema nitamwambia. Akaniuliza tena, "Utamwambia?" Nikasema ndiyo, baba. Mola ni shahidi, nilipotoka pale nilikuwa nakwenda kumwambia. Nimefika nyumbani, Riziki yuko sakafuni, uso umejaa nyuzi za sufi, anacheka: amegundua kwamba joto lote linapita kwenye kifuniko, na ametengeneza kifuniko cha pili, cha ndani, kinachozama kama kizibo. "Njoo uone, njoo uone!" Nikaenda nikaona. Nikajiambia, kesho.

Kesho ikazaa kesho. Wiki tatu za sindano Mahajanga maana yake nani atamaliza sanduku, nani atasimama na mimi mbele ya waamuzi? Na Mama Echa akishajua, hata mimi sitakwenda. Nilijiambia mguu umepona, na kweli ulikuwa umepona, zilibaki alama mbili ndogo za rangi ya kahawia. Na zaidi ya yote nilijiambia nimemwosha. Mara saba, mara moja kwa udongo, sikupunguza hata moja. Hakuna mwalimu yeyote wa chuoni aliyepata kutuambia kwamba maji yale ni dawa. Ni ya kumrudisha mtu kwenye hali ya kuweza kusali, basi. Lakini sisi tulikuwa tumelelewa na Mama Echa, na katika nyumba ile mtu akishatwaharika hana tena kitu cha kuogopa. Nimefundisha fizikia miaka thelathini, watoto wengine wananiona mwerevu, na mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika kama niliamini kweli au nilijifanya kuamini. Nadhani nilijifanya. Nadhani siku ile ile niliyoambiwa na Velo nilijua.

Tulisafiri mwezi wa sita, na meli ya mizigo iliyopeleka sukari Mahajanga, Ramose akitapika njia nzima. Mama Echa alituaga gatini. Alitunong'oneza tusiseme Kingazija barabarani kule, Kimalagasi tu, na tusivae kanga zetu za kwetu. Tulipangiwa chumba mtaa wa Mahabibo, kwa mjane mmoja wa mbali katika jamaa zetu, mmoja wa wachache waliobaki. Nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, ilikuwa haina paa, imeungua, na humo ndani mtu alikuwa amepanda muhogo. Nilizaliwa mitaa ile, lakini sikumwonyesha Riziki kitu chochote. Tulikula wali baridi na mboga, mjane akasimulia kwa sauti ya chini nani alikwenda na nani hakurudi, akinyamaza kila mtu akipita nje. Riziki hakula vizuri. "Mguu unawaka," aliniambia tulipolala. "Pale pale. Kama nimepakwa upupu." Nikamwambia ni kuchoka na safari.

Sanduku lilipigwa lakiri kesho yake asubuhi, ukumbini, mbele ya watu. Tulijieleza vizuri. Riziki alizungumza juu ya kifuniko chake, na mwamuzi mmoja akaandika kitu. Mchana akawa na homa. Kesho yake akawa hataki kuzungumza, anashtuka mlango ukifungwa. Na asubuhi ya siku ya kupima, mjane alipomletea kikombe cha maji ya ukoko, yale aliyoyapenda, aliyapeleka mdomoni, koo likamkaza, mkono ukaanza kutetemeka, maji yakamwagika kifuani. Akajaribu tena. Akaniangalia. "Siwezi," alisema. "Nayaogopa. Mbona nayaogopa?" Mjane akasema ni shetani, atafutiwe mtu wa kumsomea. Mimi nilikuwa nimesimama pale na nguo yangu ya shule iliyopigwa pasi. Nilijua. Pale sikuwa tena na uongo wa kujidanganyia. Na nikamwambia mjane, mwangalie, narudi sasa hivi, nikaenda ukumbini kuona barafu yetu ikipimwa.

Ilibaki kilo moja na robo. Waliotufuata walibakiwa na maji na kipande kidogo. Watu walipiga makofi, Ramose akalia, mzee mzima, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Wakasema maneno marefu: sanduku la namna hii linaweza kubeba dawa hadi vijijini, linaweza kuokoa watu. Nilipokea cheti kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipomwambia Ramose kwamba Riziki anaumwa, anaogopa maji. Aliacha kulia. Alitazama uso wangu muda, halafu akalibeba sanduku vilevile na barafu yake, tukakimbia.

Hospitali walimlaza chumba cha peke yake, dirisha limefunikwa shuka. Homa ilikuwa kali, na Ramose, maskini, kwa nia njema, akafungua sanduku ili apate barafu ya kumweka kwenye paji la uso. Riziki aliisikia ikigongana na bati, akaona maji yakichuruzika vidoleni mwa Ramose, akapiga ukelele ambao siwezi kuuandika. Mwili wote ukajikunja. Daktari akafoka: toa kitu hicho, toa! Barafu ile tuliyoilinda siku mbili ikamwagwa nje uani, ikayeyuka juani mbele yangu. Kisha daktari akanikalisha kwenye benchi. Alikuwa kijana, amechoka, hakuwa mkali. "Aliumwa na mbwa lini?" Nikamwambia miezi miwili. "Mbwa alikuwa mgonjwa?" Sijui, nikasema. "Tungempata hata mwezi mmoja uliopita, tungekuwa na la kufanya. Dawa tunayo hapa, rafu ya tatu, friji ile pale." Akanionyesha kwa kidole. "Hapana mtu aliyejua?" Ramose alikuwa amesimama pembeni. Nikasema, "Hapana mtu aliyejua."

Alikufa siku ya tatu. Alizikwa nje kidogo ya mji, upande wa njia iendayo Belobaka, na waliomsindikiza walikuwa wachache kwa sababu watu wetu wenyewe walikuwa wachache. Mama Echa alifika kwa meli siku mbili baada ya maziko. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya mkeka wa mjane, akauliza, "Alikuwa safi?" Mjane akamwambia alioshwa vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akauliza tena swali lile lile, akajibiwa tena. Na mimi? Nilikwenda Tana. Waamuzi walisema mshiriki wa pili alikuwepo siku ya kujieleza, kanuni imetimia. Nilikaa katika chumba changu, nikala chakula changu, nikafaulu. Baadaye nikaolewa, nikaja Unguja, nikazaa. Watu husema mtu mwenye siri kama hiyo hali, halali. Uongo mtupu. Nimekula na nimelala, na nimecheka sana maisha yangu, ila nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniona nikichemsha ukoko.

Mara ya mwisho kumwona Mama Echa ni miaka miwili iliyopita. Nilikwenda Nosy Be kwa ajili ya jambo moja tu, nilikuwa nimejizatiti, maneno nimeyapanga ndani ya ndege kama mtoto anayekwenda kusomeshwa. Nilimkuta kitandani, macho yameisha, wajukuu wa ukoo wamejaa chumbani. Nikamsalimu kama tunavyosalimu wakubwa, "Kwezi, mama." Akaitikia kwa Kingazija, kama ilivyo desturi, "Mbona, mwanangu," akanipapasa uso. Nikasema, mama, kuna neno nimekuja kukwambia. Akasema, "Ngoja, la kwangu kwanza, mimi ndiye wa kuondoka." Akanivuta karibu, ingawa hakushusha sauti. Alisema mwaka ule, mwezi wa nne, aliona alama mbili kwenye mguu wa Riziki alipokuwa amelala. Alijua ni meno ya nini. Asubuhi akamwuliza jambo moja tu: umejitwaharisha? Riziki akamjibu ndiyo, mama, mara saba, dada kanihesabia. "Nikaridhika," alisema. "Nikasema binti yangu kalelewa vizuri. Sikuuliza mbwa ni wa nani, sikuuliza kama yu hai. Miaka yote hii hakuna aliyejua ila mimi. Nimemuua mwanangu kwa kunyamaza, na wewe nikakunyima mwenzio. Nisamehe, nife nimesamehewa na mmoja angalau."

Chumba kizima kilikuwa kinalia. Kina mama wakisema, msamehe, msamehe, mama wa watu. Neno langu lilikuwa mdomoni, sentensi moja: mbwa alikufa, mimi niliambiwa, nikanyamaza miezi miwili ili nipate Tana. Ningelisema, angekufa akijua kwamba hakuwa yeye. Nilitazama wale watu wote, wanaoniita mwalimu, na yeye ananisubiri, uso umeinuliwa upande wa sauti yangu. Nikasema, "Nimekusamehe, mama." Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Akamshukuru Mungu, akautafuta mkono wangu juu ya shuka, akaubusu.